Kukarabati mochari ya kaunti iliyochakaa: anza na hewa

Nchini Marekani kaunti nyingi bado zinafanyia uchunguzi wa maiti kwenye majengo ambayo hayakujengwa kwa kazi hiyo, au yalijengwa zamani mno: orofa ya chini ya hospitali ya kale, chumba cha nyuma cha nyumba ya mazishi, jengo la ofisi lililoongezewa friji na meza mbili za chuma. Mchunguzi wa vifo wa kaunti, ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura wala si lazima awe daktari, hulirithi jengo pamoja na mabomba yake, harufu yake na mazoea yake.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa jengo la namna hiyo, awe mchunguzi mwenyewe, msimamizi wa mochari, mhandisi wa kaunti au mfanyakazi anayetoka kazini kila siku macho yakimwasha. Msimamo wangu nausema mapema: fedha za kwanza ziende kwenye hewa. Sakafu mpya na meza zinazong'aa hupendeza siku ya uzinduzi. Feni iliyoko juu ya paa hakuna anayeitazama, lakini ndiyo inayoamua kama anayeshika msumeno atavuta bakteria wa kifua kikuu au la.

Hatua ya 1: Jua ni sheria gani inakulinda

Wengi huanza kwa kudhani kwamba OSHA, mamlaka ya shirikisho ya usalama na afya kazini, inaweza kuja kukagua mochari ya kaunti. Mara nyingi haiwezi. Sheria ya mwaka 1970 iliyoiunda haiwahesabu wafanyakazi wa majimbo, kaunti na miji. Wanaolindwa ni wale walio katika majimbo yenye mpango wake yenyewe uliokubaliwa na OSHA. Mipango 22 inagusa sekta binafsi pamoja na watumishi wa umma, na mingine 7, ikiwemo ya New York, New Jersey, Illinois na Massachusetts, inawahusu watumishi wa umma peke yao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupiga simu katika idara ya kazi ya jimbo na kuuliza swali moja: sisi wa kaunti tunasimamiwa na nani? Kama jibu ni "hakuna", msifurahi. Chukueni kanuni za OSHA kama zilivyo, mziandike katika sera ya kaunti, na bodi ya kaunti izipitishe. Virusi vya homa ya ini havibagui mtumishi wa kaunti na mfanyakazi wa hospitali ya binafsi.

Kanuni za kuwa nazo mezani ni nne: ile ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu (1910.1030), ya formaldehidi, gesi inayotoka kwenye formalini ya kuhifadhia viungo (1910.1048), ya vifaa vya kupumulia (1910.134) na ya kelele (1910.95). California ina ya tano inayofaa kusomwa hata na aliye nje ya jimbo hilo, kuhusu magonjwa yanayoenea kwa hewa, kifungu cha 5199 cha Cal/OSHA.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kubomoa chochote

Kabla ya kumwita mchoraji ramani, tembea jengo zima pamoja na watu wanaolifanyia kazi. Anza na anayeosha meza na sakafu. Huyo ndiye anayejua ni mtaro upi unarudisha maji, ni kona ipi harufu haitoki, na ni mlango upi machela hugonga kila mara. Mpe kalamu na ramani ya jengo aweke alama mwenyewe. Daktari wa maiti anaijua meza yake, ila huyu anaijua sakafu yote.

Kisha pima. Unahitaji namba za mambo manne: hewa inayoingia na kutoka katika kila chumba, kiwango cha formaldehidi anachovuta mtu akiwa kazini, kelele ya msumeno ukiwa unakata, na joto la friji kwa wiki nzima mfululizo. Mtaalamu wa afya kazini hufanya vipimo hivi kwa siku chache. Majimbo yote yana huduma ya ushauri wa bure inayofadhiliwa na OSHA kwa biashara ndogo, na katika baadhi yake huduma hiyo inawafikia watumishi wa umma pia, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Leta pia daftari la majeraha la miaka mitano iliyopita: waliochomwa sindano, waliokatwa, walioumia mgongo. Ikiwa daftari ni jeupe, usiamini haraka kwamba hakuna aliyeumia. Kwenye mochari nyingi mtu hujikata, hufunga plasta, akaendelea na kazi. Zungumza na kila mmoja faraghani.

Namba hizi zitatumika mara mbili, kwanza kuombea fedha, kisha baada ya ujenzi kuthibitisha kwamba mkandarasi amefanya alicholipwa. Usipokuwa na kipimo cha mwanzo, cha mwisho hakitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Hatua ya 3: Asbesto na rangi ya risasi

Jengo lolote la kabla ya 1981 lichukuliwe kuwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, hadi maabara iseme vinginevyo. Kanuni zenyewe zinataka hivyo kwa vifuniko vya mabomba ya joto, vifaa vilivyopulizwa kwenye dari na kuta, na vigae vya sakafu vya plastiki vilivyowekwa hadi mwaka 1980. Chini ya kanuni za shirikisho za hewa safi, ukaguzi wa asbesto ni lazima kabla ya ukarabati. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, kwa hiyo ukuta wa zamani nao upimwe. Taa ndefu za mirija zina zebaki, na vifaa vya kuwashia vya taa za kabla ya 1979 vinaweza kuwa na mafuta yenye sumu ya PCB. Vyote hivi visitupwe na takataka za kawaida.

Usimruhusu fundi yeyote atoboe dari "kuangalia tu" kabla ya majibu ya maabara. Vumbi la tundu moja linaweza kuingia kwenye njia za hewa likasambaa jengo zima.

Hatua ya 4: Hewa

Hapa tukae kidogo. Bakteria wa kifua kikuu hawafi mgonjwa anapokufa. Hubaki hai kwenye mapafu, na msumeno wa umeme unapopita kwenye mbavu au fuvu hurusha matone madogo yanayoelea kwa muda mrefu. Isitoshe, watu wengi wanaoletwa kwa mchunguzi wa vifo hawakuwahi kupimwa: aliyekufa peke yake nyumbani, aliyekutwa barabarani, aliyefia gerezani. Aliyeko mezani hawezi kukuambia alikuwa na nini, kwa hiyo chumba lazima kikulinde bila kutegemea taarifa zake.

Kigezo kinachotumiwa Marekani kwa chumba cha uchunguzi wa maiti kina sehemu tatu. Hewa yote ya chumba ibadilishwe angalau mara 12 kwa saa. Shinikizo la ndani liwe dogo kuliko la korido, angalau kwa paskali 2.5, ili hewa iwe inaingia chumbani na isitoke kwenda kwa wengine. Na hewa inayonyonywa itolewe nje moja kwa moja, isizungushwe tena ndani ya jengo.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba cha mita 8 kwa 6 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 144. Zidisha mara 12: feni inatakiwa kutoa mita za ujazo 1,728 kwa saa. Tuseme feni yako ya zamani inatoa 576. Hiyo ni mara 4 tu kwa saa. Kwa jedwali la CDC, taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, kwa mara 12 inachukua dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe zinazoelea baada ya msumeno kuzimwa. Kwa mara 4 inachukua dakika 69, na kwa mara 2 ni dakika 138. Hayo ni kama hewa inachanganyika vizuri. Chumba chenye kona zisizopitiwa na upepo huchelewa zaidi. Kwenye jengo lenye feni mbovu, anayeingia kusafisha saa moja baadaye bado anavuta alichokiacha msumeno.

Makosa ninayoyaona kuwa ya kawaida kwenye majengo ya zamani ni haya. Chumba cha uchunguzi kinatumia njia moja ya hewa na ofisi za juu, kwa hiyo hewa ya mezani inamfikia karani. Kiyoyozi cha dirishani kimeongezwa kiangazi fulani, nacho kinasukuma hewa ndani na kuharibu shinikizo lote. Mlango wa korido unawekewa kigingi ubaki wazi kwa sababu machela hupita mara kwa mara. Bomba la kutolea hewa liko juu ya paa karibu na mahali jengo linapovutia hewa safi. Kati yao ziwepo angalau futi 25, yaani kama mita 7.6, au hewa hiyo ichujwe kwa kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana.

Jaribio la kwanza halihitaji mtaalamu. Funga milango, shika kijiti cha moshi wa majaribio chini ya mlango upande wa korido, utazame. Moshi ukivutwa kuingia chumbani, mwelekeo ni sahihi. Ukisukumwa kuja kwako, simamisha matumizi ya msumeno wa umeme hadi tatizo lijulikane.

Unapoagiza mfumo mpya, omba vitu hivi kwa maandishi: feni ya chumba hiki iwe yake peke yake, feni ya pili ya akiba, kipima shinikizo mlangoni kinachoonekana na kupiga kengele mlango ukikaa wazi, na matundu ya kunyonyea hewa yawe chini, karibu na meza. Hewa safi ishuke kutoka juu, ipite usoni pa mfanyakazi kwanza, ndipo ifike kwa maiti na kutoka. Mpangilio wa kinyume huvuta kila kitu kupitia puani mwake, hata kama idadi ya mabadiliko kwa saa imetimia. Meza zenye kunyonya hewa kwenda chini zina thamani ya bei yake, hasa panapofanyiwa kazi miili iliyoharibika.

Fedha zikitosha, tenga chumba kidogo cha pili kwa kesi zinazoshukiwa kuwa na maambukizi ya hewa, chenye mlango wake na sehemu yake ya kubadilishia nguo. Zisipotosha, kesi hizo ziwe za mwisho za siku, na waliomo chumbani wawe wachache iwezekanavyo.

Barakoa hazichukui nafasi ya feni, lakini zinahitajika. N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, lazima ipimwe usoni mwa kila mtu kabla ya kuanza kuitumia na kila mwaka baadaye. Mwenye ndevu barakoa hiyo haitamkaa sawasawa. Apewe kofia yenye pampu ya hewa. Msumeno nao ununuliwe wenye kinyonya vumbi, au tumia wa mkono pale inapowezekana, kwa kuwa hurusha matone machache zaidi.

Hatua ya 5: Formalini na kemikali nyingine

Formaldehidi husababisha saratani, na pua huizoea. Anayefanya kazi nayo kila siku ndiye wa mwisho kuinusa, kwa hiyo usitumie pua kama kipimo. Kikomo cha OSHA ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa milioni kwa dakika 15. Kuanzia 0.5 mwajiri tayari ana wajibu wa kupima mara kwa mara na kufuatilia afya ya wafanyakazi.

Kiwango hupanda zaidi pale watu wanapomimina formalini kwenye vyombo vya vipande vya viungo au kukagua viungo vilivyohifadhiwa. Kazi hizo zihamishwe kwenye kabati lenye kunyonya hewa. Nunua formalini iliyokwisha kupimwa badala ya kuichanganya wenyewe. Vyombo vya zamani vilivyojaa stoo, vingine vya kesi zilizofungwa miaka mingi iliyopita, viorodheshwe na viondolewe kwa utaratibu wa kisheria. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, lakini hupunguza mvuke hata kabla ya feni mpya kufika.

Dawa ya klorini isikutane kamwe na formalini, asidi wala amonia. Ziwekwe kabati tofauti. Prioni, zile protini hatari za ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, haziuawi na formalini. Kesi ya kushukiwa inahitaji sodiamu haidroksaidi au klorini kali, na utaratibu ulioandikwa kabla kesi haijaja.

Beseni la kuoshea macho lifikike ndani ya sekunde 10, bila mlango wa kufunguliwa kwa ufunguo, litoe maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 mfululizo, na lifunguliwe kila wiki kuhakikisha linafanya kazi. Majengo mengi yanalo, ila mbele yake pamerundikwa maboksi.

Hatua ya 6: Visu, sindano na mbavu zilizokatwa

Mkono unaoumia mara nyingi ni ule usioshika kisu. Glavu ya nyuzi ngumu isiyokatika kirahisi, ivaliwe kati ya glavu mbili za mpira, huzuia majeraha mengi kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Inunuliwe wiki hii, usingoje ujenzi.

Mtu mmoja tu akate kwa wakati mmoja kwenye meza moja. Visu visipitishwe mkono kwa mkono. Boksi la ncha kali liwe usawa wa mkono karibu na kila meza. Kabla ya nguo za marehemu kuguswa, mwili upigwe eksirei: risasi, ncha za visu na sindano mifukoni huonekana. Kama mashine ya eksirei ni mpya, isajiliwe jimboni na ukuta wake uhakikiwe na mtaalamu wa mionzi.

Chanjo ya homa ya ini B itolewe bure ndani ya siku 10 za kazi tangu mtu aanze kazi inayomkutanisha na damu. Pia kuwe na karatasi ukutani inayosema, kwa saa zote 24, nani apigiwe simu na hospitali ipi iendewe baada ya mtu kujichoma. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza haraka, ikiwezekana ndani ya saa chache, na kabisa zisizidi saa 72.

Jambo moja ambalo wasanifu hawalioni: wingi wa kazi hukata vidole. Chama cha kitaifa cha madaktari wachunguzi wa vifo, NAME, kinapendekeza daktari mmoja asizidi uchunguzi wa maiti 250 kwa mwaka, na akipita 325 ofisi huhesabiwa kuwa na kasoro kubwa katika ukaguzi wa ithibati. Ikiwa daktari wenu amepita hapo, chumba kipya peke yake hakitamlinda.

Hatua ya 7: Migongo

Kwa kuhamisha mwili, mwongozo wa NIOSH, taasisi ya shirikisho ya utafiti wa usalama na afya kazini, unashauri mtu mmoja asibebe zaidi ya kilo 16 kwa mikono yake. Mwili wa mtu mzima ni mara nyingi ya hapo, haujishikizi, na mara nyingi unatolewa kwenye rafu ya juu. Weka winchi ya darini inayopita kutoka mlango wa kupokelea hadi friji na mezani, na rafu za friji zenye toroli ya kupanda na kushuka. Kabla ya kufunga winchi, mhandisi wa majengo aikague dari. Dari za zamani hazikuhesabiwa kwa uzito huo. Angalau meza moja na sehemu moja ya friji ziwe za miili mizito, na milango ipanuliwe kulingana nazo.

Friji, maji na umeme

Haya hayahitaji maneno mengi. Friji ikae kati ya nyuzi 2 na 4 za Selsiasi, iwe na kengele inayopiga simu kwa mtu nyumbani, na mlango ufunguke kutoka ndani hata ukiwa umefungwa kwa nje. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wa friji na feni pamoja. Kila bomba lenye mpira wa kuoshea meza liwekewe kizuizi cha maji kurudi nyuma, la sivyo shinikizo likishuka mjini maji ya mezani yanaweza kunyonywa hadi kwenye maji ya kunywa. Soketi zote za karibu na maji ziwe za kujikata zenyewe umeme unapovuja. Sakafu iwe bila maungio, ipande ukutani kidogo, isiteleze ikilowa.

Wakati wa ujenzi

Vifo havisubiri mkandarasi. Fanyeni makubaliano ya maandishi na kaunti jirani au hospitali kabla ya ukuta wa kwanza kuvunjwa. Trela za friji, kama zile New York ilizotumia mwaka 2020, hufaa kwa muda, mradi ziwe na ngazi imara, taa ndani, rafu zisizozidi usawa wa kiuno, uzio wa kuzuia macho ya watu, na anayeandika kila mwili unaoingia na kutoka. Familia zipate mlango wao na chumba chao, mbali na mafundi, hata kama ni ofisi iliyoazimwa ng'ambo ya barabara. Mzazi anayekuja kumtambua mwanawe asipitishwe kwenye vumbi na kelele za nyundo.

Fedha

Bodi ya kaunti hujibu namba. Peleka vipimo vya hatua ya 2, daftari la majeraha, na orodha iliyogawanywa mara tatu: ya kufanywa mwezi huu kwa bajeti iliyopo (glavu, chanjo, kuondoa vyombo vya zamani na kigingi cha mlango), ya mwaka huu (feni, beseni la macho, winchi), na ya mpango wa ujenzi wa kaunti. Ruzuku za shirikisho za Paul Coverdell husaidia ofisi za wachunguzi wa vifo kununua vifaa na kutafuta ithibati; soma masharti yake kabla ya kuzihesabia kuta. Bodi ikikupa nusu ya ulichoomba, usigawe nusu hiyo kwa kila kitu. Maliza hewa yote.

Kupokea jengo

Usisaini kabla ya vipimo vyote vya mwanzo kurudiwa na mtu asiyelipwa na mkandarasi. Rudia moshi mlangoni, tena feni ya akiba ikiwa ndiyo inayofanya kazi. Zima umeme mkuu uone kama shinikizo la chumba linarudi jenereta inapowaka. Mruhusu anayeosha meza asukume machela yenye uzito kutoka mlango wa kupokelea hadi friji, na kila mahali inapogonga paandikwe katika orodha ya marekebisho. Vichujio vya akiba vya mwaka mzima viwe stoo siku hiyo hiyo, na jina la anayevibadilisha, pamoja na la atakayeshika zamu akiwa likizo, liandikwe kwenye mlango wa chumba cha feni.